Pima Kabla Hujakaza: Mkono wa Breki na Usukani wa Baiskeli Yako

Bumu la kwanza la mwaka wa kwanza lilipoingia, wenzangu wa hosteli walinunua simu na spika. Mimi nilinunua baiskeli ya mtumba hapa Dar, nikaipeleka Mbagala, ikafungwa juu ya basi la kusini, ikaenda nyumbani. Nyumbani kwetu ni Kibiti, upande wa delta ya Rufiji. Unapanda Barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga na Jaribu Mpakani, ukifika Bungu unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Nyamisati, kule wanakopandia boti za kwenda Mafia. Baiskeli ilikuwa ya mdogo wangu, kidato cha tatu, ambaye alikuwa anatembea kwenda shule na kurudi.

Ilikuwa baiskeli nzuri kwa macho: nyepesi, fremu nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Kijijini walicheka. Nani atabeba gunia la nazi kifua kimelala juu ya usukani? Dogo naye alitaka kukaa wima, ashike ile sehemu iliyonyooka kwa juu, na breki ziwe pale pale mkononi. Kwa hiyo akaenda kwa fundi mmoja wa kando ya njia na mikono miwili ya breki ya kawaida, mipya, ya dukani. Haikuingia. Fundi akachukua bisibisi, akapanua midomo ya ile pete inayokumbatia usukani, akagongagonga, ikaingia. Akakaza. "Tayari, kijana, nenda."

Siku kumi na moja ilifanya kazi. Ya kumi na mbili dogo alikuwa anateremka na madumu mawili ya maji kwenye karia, lita ishirini kila moja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuzunguka, kwa hiyo aliuzoea kuuacha, akategemea wa kulia. Akaubana, ukabaki kiganjani mwake. Pete ilikuwa imepasuka. Akaruka mchangani, kilo arobaini za maji zikamfuata, mkono ukavunjika. Mkono wenyewe ni wa kuandikia.

Sikuandika haya ili kumsema fundi. Alipewa kazi, hakupewa kipimo. Ninajisema mimi. Ninasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati. Wiki zile zile dogo anaanguka, nilikuwa kwenye mafunzo ya ufundishaji, nimesimama mbele ya ubao nafundisha watoto kwamba mzingo wa duara ni pai mara kipenyo. Haikunijia hata siku moja kwamba usukani wa baiskeli ni duara, na kwamba nilinunua kitu nisichokipima kwa sababu nilidhani breki ni breki.

Makala hii ni ya kwako unayesukuma baiskeli kutoka geto hadi darasani, na wewe utakayekwenda field vijijini ukaazimwa baiskeli na mwenyeji wako. Inaeleza jambo moja: mkono wa breki unaoingia kwa kulazimishwa haujafungwa.

Sukani hazilingani

Ukitazama kwa macho, sukani zote zinafanana: bomba la chuma au alumini, unene wa kidole gumba. Lakini bomba hizo zina vipimo vya kiwandani, na kila mkono wa breki umetengenezwa kwa kipimo chake.

Kipimo cha kawaida kabisa pale unaposhika ni milimita 22.2, yaani inchi saba ya nane. Ndicho kiko kwenye Phoenix na ndugu zake kutoka China na India, kwenye baiskeli za mlima, na kwenye baiskeli za akina mama wa Japani zenye kikapu mbele. Hata pikipiki nyingi za bodaboda zina kipimo hicho.

Usukani wa pembe za kondoo kwa kawaida una milimita 23.8. Tofauti ni milimita 1.6 tu. Ndogo kiasi kwamba bisibisi inaweza kuilazimisha, kubwa kiasi kwamba alumini haiwezi kuivumilia. Hapo ndipo mkono wa dogo ulipovunjika.

Baiskeli ndogo za watoto nyingine zina bomba la milimita 19. Halafu kuna sehemu ya katikati, pale usukani unaposhikwa na shingo yake. Hapo bomba mara nyingi ni nene zaidi kuliko kwenye mipini: milimita 25.4 kwa nyingi za zamani, 26.0 kwa baadhi ya zile za pembe za kondoo, 31.8 kwa nyingi za kisasa. Ndiyo maana mkono wa breki unaweza kuteleza vizuri kutoka ncha ya usukani, halafu ukagoma ukiusogeza ndani zaidi. Hujakosea. Umefika pale bomba linaponenepa. Usiupige nyundo.

Karatasi, pini na rula

Utasema huna venia, kile kifaa cha maabara cha kupimia vipenyo. Nami sina. Lakini una karatasi.

Kata ukanda wa karatasi, upana wa kidole kimoja, urefu wa kutosha kuzunguka usukani na kuzidi kidogo. Uzungushe kwa kuubana pale hasa unapotaka mkono wa breki ukae, ncha moja ipande juu ya nyingine. Toboa kwa pini mahali zinapopandana, ili tundu lipite karatasi zote mbili. Fungua, laza mezani, pima kwa rula kutoka tundu hadi tundu. Huo ni mzingo. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo, au acha kugawa na ukariri hivi:

Sentimita 6: kipenyo milimita 19, baiskeli ya mtoto.
Sentimita 7: milimita 22.2, usukani wa kawaida.
Sentimita 7 na nusu: milimita 23.8, pembe za kondoo.
Sentimita 8: milimita 25.4, katikati ya sukani nyingi za zamani.
Sentimita 10: milimita 31.8, katikati ya nyingi za kisasa.

Angalia uzuri wake. Ile milimita 1.6 ambayo jicho la fundi halikuiona, karatasi inaizidisha mara tatu na ushee, inakuwa milimita tano. Milimita tano kwenye rula kila mtu anaziona. Uzi pia unafaa, ila uzi unavutika. Karatasi haikudanganyi.

Ile ya 26.0 inakuja karibu milimita 82, na 25.4 inakuja karibu 80. Hapo toboa kwa uangalifu na upime mara mbili, kwa sababu usukani uliolegea kwenye shingo ni hatari kuliko breki iliyolegea.

Pete ikiwa ndogo kuliko usukani

Hapa jibu ni fupi: usipanue. Pete za mikono mingi ya breki ni alumini ya kumimina kwenye kalibu. Chuma laini ukikikunja kinapinda na kubaki kimepinda. Alumini ya namna hii ukiikunja inaanza kupasuka kwa ndani, mahali usipopaona. Unaikaza, inashika, unafurahi. Kila unapobana breki, ule ufa unasogea kidogo, mpaka siku unayoihitaji kuliko siku zote.

Njia za halali ni mbili. Ya kwanza, tafuta mkono wa breki wa kipimo chako. Ipo mikono ya ziada inayotengenezwa kwa ajili ya sehemu ya juu ya pembe za kondoo, mingine ina pete yenye bawaba inayofunguka kama pingu. Kwa huku kwetu kuipata si rahisi. Ya pili ni kubadilisha usukani wenyewe, uweke wa kawaida wenye mipini ya sentimita 7. Hapo kumbuka kupima katikati pia, maana shingo ya usukani wa zamani huenda isikubali usukani mpya. Ukipata usukani pamoja na shingo yake kwenye baiskeli mbovu, chukua vyote viwili, kisha pima ile nguzo inayoingia kwenye fremu. Kwa baiskeli nyingi za zamani nayo ni sentimita 7 kwa karatasi.

Pete ikiwa kubwa kuliko usukani

Hapa ndipo ubunifu unapofanya kazi, na ndipo watu wanapokosea zaidi.

Kosa la kwanza ni kukaza tu mpaka bolti ilie. Tazama pete: ina mwanya, na bolti inavuta midomo ya mwanya ikaribiane. Pete ikiwa kubwa, nguvu ya bolti inaishia kuikunja pete yenyewe kabla haijaubana usukani. Na midomo ikishagusana, basi, umefika mwisho. Hata ukikaza kwa spana ya lori, usukani haupati nguvu yoyote ya ziada, unakata tu nyuzi za bolti. Kwa hiyo kumbuka alama hii: baada ya kukaza, mwanya lazima ubaki unaonekana. Mwanya ukifunga, mkono haujafungwa.

Kosa la pili ni kuzungushia mpira wa tyubu. Inaonekana imeshika, kwa sababu mpira ni mnato. Lakini mpira unabonyea. Ukibana breki kwa nguvu, mkono unazunguka kidogo, mpira unajivuta, unarudi. Baada ya wiki za jua la Kibiti unalika, na mkono unazunguka bila kurudi. Mpira ni wa kuziba pancha.

Kinachotakiwa ni pakingi ya chuma. Tuseme una mkono wa kipimo cha 23.8 na usukani wa 22.2. Tofauti ya kipenyo ni 1.6, kwa hiyo kila upande unahitaji 0.8. Bati la kuezekea la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4. Tabaka mbili, umemaliza. Kopo la soda lina kama milimita 0.1, kwa hiyo ungehitaji tabaka nane, na tabaka nane za kopo zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Kopo lifae kwa pengo dogo tu. Kwa usukani wa mtoto wa milimita 19 na mkono wa 22.2, kila upande unataka 1.6, yaani tabaka nne za bati hilo. Inawezekana, ila ukipata kipande cha bomba jembamba kinachoingia humo, kipasue kwa urefu upande mmoja, ndiyo bora zaidi.

Kata ukanda wa bati upana sawa na pete. Tabaka la kwanza liwe na urefu pungufu kidogo ya mzingo wa usukani: kwa usukani wa sentimita 7, kata milimita 67 hivi, ili libaki na mwanya wake. La pili liwe refu kidogo, kwa sababu linazunguka duara kubwa zaidi. Lainisha kingo kwa tupa, bati jipya linakata kama wembe. Likunje kwanza kwenye kipande cha bomba au mti wa unene huo, lisije likapambana na wewe wakati wa kufunga. Mianya ya bati ikae sambamba na mwanya wa pete, la sivyo bati litazuia pete isijikunje. Na usipake girisi hapo. Girisi ni ya waya.

Kuingia si kufanya kazi

Tuseme kipenyo kimekubali. Bado kuna maswali mawili, na yote mawili yameangusha watu.

La kwanza ni kichwa cha waya. Waya wa breki una kichwa mwishoni kinachokaa ndani ya mkono. Mikono ya usukani wa kawaida inataka kichwa cha duara kama pipa dogo. Mikono ya pembe za kondoo inataka kichwa chenye umbo la pea. Kichwa kisicho chake kinakaa upande upande, kinachomoka ukibana kwa nguvu. Ndiyo maana mkono wa pikipiki, ingawa unaingia vizuri kwenye usukani wa baiskeli, haufai hivi hivi: nyumba ya kichwa cha waya ni kubwa zaidi, kichwa cha waya wa baiskeli kinacheza humo ndani.

La pili ni waya unaovutwa. Breki zenye mikono miwili mirefu inayosimama kila upande wa tairi, zile za baiskeli za mlima, zinataka waya uvutwe karibu mara mbili ya breki zinazobana kama koleo kutoka juu ya tairi. Kila mkono wa breki umepangwa kuvuta waya wa kiasi chake. Ukiweka mkono unaovuta kidogo kwenye breki inayotaka nyingi, utabana mpaka mkono uguse usukani na gurudumu bado linazunguka. Ukigeuza, mkono unaovuta sana kwenye breki inayotaka kidogo, mambo ni mabaya kwa namna nyingine: utahisi breki ngumu, kali, ukadhani ni nzima. Kumbe nguvu inayofika kwenye rimu ni ndogo. Breki ngumu mkononi si lazima iwe breki yenye nguvu.

Na wenye Phoenix za breki za vyuma, zile fimbo zinazoshuka kutoka usukani hadi gurudumu, msikimbilie kubadilisha ziwe za waya. Rimu zake nyingi zimetengenezwa zibanwe kutoka ndani, upande unaotazama spoki. Ubavu wake ni wa mviringo, raba za breki za koleo hazina pa kushika. Ukitaka breki za waya, badilisha na rimu. La sivyo, tengeneza fimbo zako.

Kulia ni mbele au nyuma?

Mtumba unatoka pande nyingi. Kwetu, kama Uingereza na Japani, mkono wa kulia kwa kawaida ni breki ya mbele. Baiskeli nyingi zilizotoka Ulaya bara na Marekani zina breki ya mbele kushoto. Aliyezoea namna moja akapanda nyingine, siku ya dharura atabana mbele akidhani anabana nyuma. Kabla hujapanda baiskeli yoyote usiyoijua, inyanyue, zungusha gurudumu, bana mkono mmoja, uone linasimama lipi. Ni sekunde tano.

Chumvi haina rafiki

Kwa wenzangu wa delta kuna la ziada. Baiskeli zetu zinapanda mitumbwi, zinavuka vijito maji yakipwa, zinakanyaga tope la mikoko. Waya unaanza kutu ndani ya kava, mahali usipopaona, na kichwa cha waya kinakatika nyuzi moja moja. Kila mwezi bana mkono, chungulia pale waya unapoingia, hesabu nyuzi zilizochomoza. Ukiona hata moja imekatika, badilisha waya. Tone la mafuta kwenye kava kila baada ya kuvuka maji ya chumvi linaokoa pesa. Na palipo na pakingi ya bati juu ya usukani wa alumini, fungua mara moja moja utazame, kwa sababu metali mbili tofauti zikilowa chumvi zinalana.

Jaribio la mwisho

Umefunga. Weka mkono wa breki ufuate mstari wa mkono wako ukiwa umekaa, vidole viufikie bila kukunja kifundo. Sasa simama mbele ya baiskeli, bana breki, sukuma na uvute baiskeli kwa uzito wako wote. Kisha shika mkono wa breki kwa mikono miwili ujaribu kuuzungusha kwenye usukani. Ukizunguka, rudi mwanzo. Usipozunguka, funga mzigo utakaobeba kweli, tembea na baiskeli, bana. Mwisho panda, pole pole, mahali tambarare. Kama dogo angejaribiwa na madumu yake mawili pale pale kwa fundi, pete ingepasuka mbele ya watu, na yeye akiwa amesimama kwa miguu yake.

Mkono wake uliunga. Aliandika mitihani ya muhula ule kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa darasa la pili, na hesabu zilikuwa sahihi. Baiskeli tuliibadilisha usukani na shingo yake kutoka kwenye baiskeli nyingine iliyokufa. Nilipima mimi kwa karatasi, fundi yule yule akafunga. Nilipomwonyesha tundu la pini kwenye saba na tundu la pini kwenye saba na nusu, alinyamaza, akauliza kama anaweza kubaki na karatasi. Akaiweka kwenye kopo lake la nati.

Nimechora nyingine, naitunza kwenye mkebe wangu wa hisabati. Kata na ya kwako leo, kabla ya field.